Uabaini: dawa ya moyo iliyoachwa, mbele ya mtandao wa neva

Uabaini ni glikosidi ya moyo inayopatikana katika msunguti, mti mdogo wa jenasi ya Acokanthera unaoota kuanzia Ethiopia na Somalia hadi Kenya na Tanzania. Molekuli yake ina sehemu tatu: mhimili wa steroidi wenye pete nne, pete ya laktoni upande mmoja, na sukari ya ramnosi upande wa pili. Uzito wake ni takriban daltoni 585, na imejaa vikundi vya haidroksili vinavyoifanya ipende maji kuliko mafuta. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyoamua sehemu kubwa ya historia yake.

Kabla ya kuingia hospitalini ilikuwa sumu ya mshale. Katika nyika ya Tsavo Wawaata waliwinda tembo kwa pinde ndefu, na mafundi waliosifika kwa kupika sumu walikuwa Wagiriama. Vipande vya msunguti vilichemshwa kwa saa nyingi hadi ukabaki uji mweusi mzito kama lami, kisha ukapakwa kwenye ncha ya mshale. Nyama ya mnyama aliyepigwa ililiwa bila madhara, kwa sababu uabaini hupenya kwa shida sana kutoka kwenye utumbo kwenda kwenye damu. Mwindaji hakuhitaji kujua kemia ya haidroksili. Alijua kwamba kitu kinachoua kikiingia kwenye damu hakidhuru kikipita tumboni. Hata panya mmoja wa Afrika Mashariki, Lophiomys imhausi, ananufaika na mti huo. Mwaka 2012 Jonathan Kingdon, mwanazuolojia mzaliwa wa Tabora, na wenzake walieleza jinsi panya huyo anavyotafuna gome la msunguti na kupaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalumu ya ubavuni yanayoinyonya sumu na kuihifadhi. Mbwa anayemng'ata huweza kufa.

Njia ya kuelekea kwenye dawa ilianzia kwa mmea wa ukoo huohuo. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea wa msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi, ndiye yuleyule aliyekuja kuwa konseli wa Uingereza Zanzibar na kushughulikia mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Akiwa safarini aliona kwamba mswaki wake, uliokuwa umegusana na sumu ya mshale ya kombe, ulikuwa mchungu na ulipunguza mapigo ya moyo wake. Mbegu za mmea huo, Strophanthus kombe, zilimfikia Thomas Fraser wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Fraser alitoa ndani yake dutu aliyoiita strofantini, na mwaka 1885 akatoa taarifa ya kuitumia kwa wagonjwa wa moyo. Mwaka 1888 Léon-Albert Arnaud, jijini Paris, aliitenga uabaini yenyewe kutoka kwenye sumu ya Kisomali. Mwaka 1906 Albert Fraenkel alionyesha mjini Strasbourg kwamba strofantini ikidungwa kwenye mshipa humpa nafuu ya haraka mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu. Kwa miongo kadhaa iliyofuata, sindano hiyo ilikuwa sehemu ya kawaida ya tiba katika nchi zinazosema Kijerumani.

Jinsi inavyofanya kazi ilieleweka baadaye. Mwaka 1953 Hans-Jürgen Schatzmann alionyesha kwamba glikosidi za moyo huzuia usafirishaji wa sodiamu na potasiamu kupitia utando wa seli nyekundu za damu. Mwaka 1957 Jens Skou, akifanya kazi Denmark na neva za kaa, alitambua kimeng'enya chenyewe: pampu inayotoa sodiamu tatu nje ya seli na kuingiza potasiamu mbili, kwa nguvu ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Uabaini ilipozuia kimeng'enya hicho ilikuwa ushahidi kwamba pampu imepatikana, na Skou alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Katika misuli ya moyo mlolongo ni huu: pampu ikizuiwa, sodiamu huongezeka ndani ya seli, sodiamu ikiongezeka, kalsiamu hushindwa kutoka kwa kasi yake ya kawaida, kalsiamu ikibaki, msuli hukaza kwa nguvu zaidi. Mlolongo huohuo ukizidi kidogo, mapigo huenda mrama na moyo unaweza kusimama. Upungufu wa potasiamu kwenye damu huongeza hatari, maana potasiamu hushindana na dawa kwenye pampu.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kuachwa kwake. Digoksini, ndugu yake kutoka mmea wa digitalisi, hufyonzwa vizuri kwa kidonge, wakati uabaini ilihitaji sindano kwa sababu ileile iliyomruhusu mwindaji kula nyama. Mgonjwa anayepaswa kutumia dawa kila siku hawezi kuishi kwa sindano ya mshipa. Uabaini na nduguye strofantini zikatoka madukani nchi baada ya nchi, na kufikia muongo wa 2010 hata Ujerumani, iliyozishikilia kwa muda mrefu kuliko wengine, haikuwa nazo tena katika tiba ya kawaida. Digoksini nayo ilipunguziwa nafasi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1997, wenye wagonjwa 6,800, ulionyesha kwamba inapunguza kulazwa hospitalini lakini haipunguzi vifo. Leo madaktari hulenga nanogramu 0.5 hadi 0.9 kwa mililita moja ya damu. Ikipita 2, sumu ni jambo la kutarajiwa. Ukingo ni mwembamba hivyo.

Katika maabara uabaini haikuachwa. Ilibaki kuwa kitendanishi cha kila mahali penye swali kuhusu pampu ya sodiamu, ikawekwa katika maktaba za kampaundi zinazouzwa kwa watafiti, pamoja na maelfu ya dawa nyingine zilizotumika au kukataliwa. Maktaba hizo ndizo zilizoirudisha kwenye habari. Mwaka 2019 makundi mawili, moja London na jingine Barcelona, yalichapisha kwa nyakati zinazokaribiana kwamba glikosidi za moyo, zikiwemo uabaini na digoksini, huua seli kongwe. Hizi ni seli zilizokoma kugawanyika lakini hazifi. Hukaa kwenye viungo zikitoa kemikali zinazochochea uvimbe, na huhusishwa na makovu ya mapafu, saratani na maradhi ya uzeeni. Uwiano wa chumvi ndani yake tayari umeyumba, kwa hiyo pampu ikizuiwa hufa mapema kuliko seli za kawaida.

Matokeo hayo yalipatikana kwa kupima kampaundi moja baada ya nyingine. Hatua iliyofuata ilikuwa kuuliza kama kompyuta inaweza kutabiri, na jaribio moja la kutajwa lilifanyika katika mji uleule wa Fraser. Mwaka 2023 kundi la Chuo Kikuu cha Edinburgh lilikusanya kutoka kwenye machapisho kampaundi 58 zilizojulikana kuua seli kongwe, likazichanganya na nyingine nyingi zisizo na sifa hiyo, na kuifundisha kompyuta kuzitofautisha. Kisha likaipa kampaundi 4,340. Kompyuta ilichagua 21, zikapimwa kwenye seli za binadamu, na tatu zikathibitika: ginkgetini, oleandrini na periplosini. Mbili za mwisho ni glikosidi za moyo. Oleandrini, inayotoka kwenye ua la oleanda linalopandwa bustanini, ilikuwa na nguvu kuliko uabaini. Programu iliyotumika ilijengwa kwa miti ya maamuzi, wala haikuwa mtandao wa neva, na kwa mifano 58 tu huo ulikuwa uamuzi wa busara. Mtandao wa neva hutaka data nyingi. Ukipewa kidogo hukariri badala ya kujifunza.

Mtandao wa neva ulitumika mwaka huohuo nchini Marekani, katika kundi la James Collins wa MIT. Kundi hilo lilikuwa limeshatumia njia hiyo mwaka 2020 kuibua halisini, kampaundi iliyokuwa imeachwa baada ya kuchunguzwa kwa ajili ya kisukari, ikaonekana inaua bakteria sugu. Kwa seli kongwe, Felix Wong na wenzake hawakutegemea machapisho. Walitengeneza data yao: seli za mapafu za binadamu zilizeeshwa kwa etoposidi, dawa inayoharibu DNA, kisha kampaundi 2,352 zikapimwa juu yake na juu ya seli za kawaida kwa pamoja. Upimaji wa pande mbili ni wa lazima, kwa sababu kampaundi inayoua kila kitu haina faida yoyote.

Mtandao waliotumia husoma molekuli kama grafu. Kila atomu ni kifundo chenye orodha fupi ya namba: ni elementi gani, ina viungo vingapi, ina chaji gani. Kila kiungo kati ya atomu mbili ni njia ya kupitishia ujumbe. Katika mzunguko wa kwanza atomu hupokea habari za majirani zake. Wa pili, za majirani wa majirani. Baada ya mizunguko michache kila atomu imebeba picha ya mtaa wake. Picha hizo hujumlishwa kuwa safu moja ya namba inayowakilisha molekuli nzima, na tabaka za mwisho huigeuza safu hiyo kuwa uwezekano kati ya 0 na 1. Kosa kati ya utabiri na matokeo ya maabara hurudishwa nyuma kurekebisha mizani ya kila tabaka, tena na tena. Mitandao kadhaa hufundishwa sambamba na wastani wake huchukuliwa, ili bahati ya mtandao mmoja isiamue.

Baada ya mafunzo, mtandao ulipitia zaidi ya molekuli 800,000, kazi ambayo mikono ya maabara isingeimaliza. Zilizochaguliwa zilikuwa zile zenye alama za juu, zisizo na vipande vya kemia vinavyojulikana kwa sumu, na zisizofanana mno na kampaundi zilizokwisha kujulikana. Mwisho zilibaki tatu zenye sifa nzuri za kidawa, na moja ilipopewa panya wazee ilipunguza dalili za seli kongwe kwenye figo. Hakuna kati ya hizo iliyo glikosidi ya moyo, na jambo hilo linaeleweka. Mchujo wa sifa za kidawa hupendelea molekuli zenye uzito usiozidi 500 na haidroksili chache. Uabaini inashindwa kwa vigezo vyote viwili.

Tofauti ya matokeo ya Edinburgh na ya Collins ndiyo sehemu yenye mafunzo mengi zaidi. Programu ya Edinburgh ilifundishwa kwa orodha iliyokuwa na glikosidi ndani yake, na ikarudi na glikosidi. Haikukosea, lakini ginkgetini, ya ukoo tofauti wa flavonoidi, ni ugunduzi mzito zaidi kuliko oleandrini, hata kama nguvu yake ni ndogo. Zaidi ya hapo, glikosidi za moyo hujitokeza karibu katika kila uchunguzi unaotumia seli za binadamu. Utafiti wa mwaka 2009 ulieleza sababu: pampu ikizuiwa, potasiamu hupungua ndani ya seli na utengenezaji wa protini zote husimama. Kampaundi ya namna hiyo huonekana kuwa dawa ya saratani, ya virusi na ya uvimbe kwa wakati mmoja. Mtandao unaofundishwa kwa data hizo utajifunza kwa uaminifu kwamba umbo la glikosidi ni umbo la ushindi.

Kuna mtego mwingine, na huu ni mbaya zaidi kwa sababu unafanana na habari njema. Pampu ya panya wa maabara haishikwi na uabaini kama ya binadamu. Mwaka 1988 watafiti Price na Lingrel walionyesha kwamba asidi amino mbili tu, pembezoni mwa kitanzi kimoja cha pampu, zinaifanya isihisi dawa hadi karibu mara elfu moja kuliko ya binadamu. Uvimbe wa saratani ya binadamu ukipandikizwa ndani ya panya, glikosidi itaua uvimbe na kumwacha panya mzima, kana kwamba dawa inachagua kwa hekima. Kwa binadamu, moyo wake ungekuwa wa kwanza kuumia. Mtandao wa neva uliofundishwa kutabiri usalama kwa data za panya utatoa alama nzuri kwa kampaundi ambazo hospitali zilijifunza kuziogopa. Hakuna wingi wa tabaka unaoweza kurekebisha hilo.

Tatizo la tatu ni la jiometria. Nguvu ya glikosidi inategemea upande ambao pete ya laktoni imeelekea. Ikigeuzwa kwenye kaboni ya 17, molekuli yenye atomu zilezile na viungo vilevile hupoteza karibu nguvu yote. Grafu bapa haioni tofauti hiyo isipokuwa mtengenezaji ameongeza alama za mwelekeo, na hata akiziongeza, mifano ya kujifunzia ni michache.

Programu hizi zenyewe hazina lango. Chemprop, mojawapo ya mitandao ya grafu inayotumika sana, ni huria. Mwanafunzi wa kemia kutoka Ryansoro, mkoani Gitega nchini Burundi, anaweza kuipakua bila malipo na kuiendesha kwenye kompyuta ya kawaida kwa seti ndogo ya data. Kinachogharimu ni vipimo: seli za binadamu, kampaundi safi, na mikono iliyozoea kazi. Njia inayopendekezwa kwa kampaundi za aina ya uabaini ni kufundisha mtandao mmoja kwa maswali kadhaa kwa pamoja, yaani kama kampaundi inaua seli kongwe, inaacha seli za kawaida, inazuia pampu ya binadamu, na inabadili mpigo wa seli za moyo zilizokuzwa maabara. Kampaundi inayopata alama ya juu kwenye swali la kwanza na la tatu kwa pamoja hutengwa mapema, kabla ya kupelekwa kwa panya asiyeweza kuonyesha madhara yake.

Mitandao ya neva imeingia pia upande wa pili wa dawa hizi, kwa mgonjwa ambaye bado anatumia digoksini. Mwaka 2021 watafiti wa Taiwan walichapisha mtandao unaosoma mchoro wa umeme wa moyo, yaani ECG, na kutambua dalili za sumu ya digoksini. Mkunjo wa mstari baada ya kila pigo, ambao madaktari huujua kwa macho, ndio aina ya umbo ambalo mitandao hiyo hulishika vizuri. Digoksini ingali kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kipimo cha kiwango chake kwenye damu huhitaji maabara ambayo vituo vingi vya afya vijijini havina. Mashine ya ECG ni rahisi kuipata kuliko maabara hiyo.