Sifa za Fundi wa Kuunga Faiba

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakiwa Uingereza, waliandika kwamba uzi wa kioo ungeweza kubeba mazungumzo ya simu endapo kioo kingetakaswa hata mwanga ukisafiri kilomita moja, walau asilimia 1 yake ifike. Kioo cha namna hiyo hakikuwepo. Leo, katika faiba iliyofukiwa kando ya barabara zetu, mwanga husafiri kilomita 15 hivi ndipo upungue nusu. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka uleule nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia baharini. Amesifiwa, na alistahili. Mimi namsifu fundi anayeunga.

Kiwango kiitwacho G.652, kinachotunzwa Geneva na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano tangu 1984, kinasema kioo kiwe na kipenyo cha mikromita 125, na njia ya mwanga katikati yake iwe ya mikromita 9 hivi. Kwa kuwa viwanda vimekubali kuitii namba hiyo, uzi uliotengenezwa China huungwa na uliotengenezwa Japani ndani ya shimo moja la kando ya barabara, na mawasiliano yakapita. Ni makubaliano makubwa. Lakini karatasi ya Geneva haishuki shimoni.

Anayeshuka ni fundi. Hufungua waya na kuzitenga nyuzi kwa rangi: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, kisha buluu ya maji. Huo ndio mpangilio unaotumika sana, nyuzi 12 kwa kila mrija. Kabla ya lolote huvisha uzi mmoja kifuko kitakacholinda kiungo, maana akikisahau atalazimika kukata na kuanza upya. Humenya gamba la plastiki, hufuta kioo kwa spiriti, kisha hukwaruza na kukivunja ili uso wake uwe bapa, usiinamike hata digrii moja. Vipande vinavyokatika huvitia chupani kimoja kimoja: kikiingia kidoleni hakionekani, na kukitoa ni kazi.

Mashine huzikabilisha ncha mbili, cheche ya umeme huzipiga, kioo huyeyuka na kushikana. Ni sekunde chache tu, ndiyo maana wengi hudhani mashine ndiye fundi. Sivyo. Mashine haiwezi kufidia vumbi la upepo wa mchana wala mkato uliopinda. Usafi ule na subira ile hutoka kwa mtu, na kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi wote ulipo.

Kuna jambo jingine linalonivutia zaidi. Kazi ikikamilika hupimwa kwa kifaa kinachotuma mapigo ya mwanga na kupima chembe ya mwanga inayorudi kutoka kila sehemu ya njia. Pengine kifaa huonyesha kwamba mwanga umeongezeka ulipopita kwenye kiungo. Haiwezekani, kiungo hakizai mwanga. Hutokea pale nyuzi mbili zilizo ndani ya kiwango zinapotofautiana kidogo, na wa pili ukarudisha mwanga mwingi kuliko wa kwanza. Ukipima kutoka upande wa pili, kiungo kilekile kitaonekana kibovu kuliko kilivyo. Ukweli ni wastani wa vipimo viwili. Fundi mwaminifu hufunga safari hadi mwisho wa pili wa njia, pengine makumi ya kilomita, ili apate nusu ya ukweli iliyobaki, na hakuna mteja atakayejua kama hakwenda.

Atakayejua ni yule atakayerithi njia hiyo, atakapotaka kupitishia mitambo yenye kasi zaidi na kukuta mwanga umeliwa na viungo vilivyofanywa kwa haraka.

Kwa hiyo wewe mhandisi unayetia saini hati ya kupokea kazi, dai vipimo vya pande zote mbili, na katika malipo ya fundi weka siku ya kwenda kuvipima.