Istilahi za Maafa: Maoni juu ya Maneno Yaliyoenea tangu Gongo la Mboto

Usiku wa Jumatano, tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha katika kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto, wilayani Ilala, yalilipuka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, na maelfu wakakimbia wasijue waendako. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao, na safari za ndege katika Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere zikasimamishwa kwa muda. Haikuwa imetimia miaka miwili tangu maghala ya Mbagala, wilayani Temeke, yalipuke tarehe 29 Aprili 2009. Nia yetu katika makala haya si kuchunguza sababu za milipuko hiyo. Kazi hiyo ina wenyewe. Tunataka kuyachunguza maneno yaliyotumika wakati ule na baadaye katika matangazo, semina, vitabu vya mafunzo na sheria, na kuuliza kama yanabeba dhana yanazotakiwa kuzibeba.

Yafaa tukumbuke kwanza maneno haya yalikotoka. Umoja wa Mataifa uliitangaza miaka ya 1990 hadi 1999 kuwa mwongo wa kupunguza maafa ya asili. Ukafuata mkutano wa Yokohama wa mwaka 1994, kisha mpango wa Hyogo wa miaka 2005 hadi 2015, na sasa mpango wa Sendai uliopitishwa Machi 2015, ambao utaendelea hadi mwaka 2030. Mwaka 2017 Baraza Kuu la Umoja huo liliridhia orodha ya istilahi za fani hii pamoja na fasili zake. Orodha hiyo ilitolewa kwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili si mojawapo. Kwa hiyo ofisa wetu aendaye mafunzoni Japani au Uswisi, au hata ahudhuriaye kozi hapa hapa katika Chuo Kikuu Ardhi, hupokea dhana kwa Kiingereza. Kesho yake husimama mbele ya watendaji wa kata akawa mfasiri bila kupenda. Maneno anayoyatunga asubuhi ile ukumbini ndiyo yanayoingia katika taarifa, na kutoka taarifa yanaingia katika waraka.

Zamani kosa la namna hiyo lilikuwa na dawa: sheria yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, na mwenye shaka aliweza kurudi huko. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, dawa hiyo imekwisha. Neno la Kiswahili ndilo litakalosomwa mahakamani.

Tuanze na neno linalotusumbua kuliko yote, yaani hatari. Fani hii hutenga mambo matatu. La kwanza ni kitu chenyewe chenye uwezo wa kudhuru: shehena ya makombora ghalani, mto ufurikao, mlima wenye udongo mlegevu. La pili ni hali ya watu inayowafanya wadhurike upesi: nyumba za matofali mabichi, njia nyembamba isiyopitika gari, mzee asiyeweza kukimbia. La tatu ni uwezekano wa hasara, ambao hupatikana pale la kwanza linapokutana na la pili. Mambo haya si mapambo ya wasomi. Katika Gongo la Mboto shehena iliweza kukaa miaka mingi bila watu kuwa katika uwezekano mkubwa wa kudhurika, mradi kambi ilikuwa mbali na makazi. Jiji likakua, nyumba zikasogea hadi jirani na kambi, na uwezekano ule ukapanda hata kama hakuna kombora moja lililoongezwa ghalani. Asiyetenga dhana hizi hawezi kueleza jambo hilo, na asiyeweza kulieleza hawezi kulipangia.

Sasa tazama Kiswahili chetu kinavyofanya. Kwa jambo la kwanza tunasema hatari, au janga. Kwa la pili, maofisa wa ustawi wa jamii wamezoea kusema mazingira hatarishi, kama katika kauli watoto waishio katika mazingira hatarishi. Kwa la tatu, wakaguzi wa hesabu na wapangaji wa serikali wametuletea vihatarishi, na usimamizi wa vihatarishi umekuwa somo la kawaida katika idara. Shina ni lile lile moja, nalo limebebeshwa mizigo mitatu. Hatuna ugomvi na unyambuaji; lugha hukua kwa njia hiyo. Ila kihatarishi, kwa umbo lake, ni kitu kinachohatarisha, kama kiburudishi kilivyo kitu kinachoburudisha. Kwa hiyo umbo linaelekeza kwenye jambo la kwanza, yaani ghala, hali matumizi yamelipeleka kwenye jambo la tatu. Mwanafunzi aliyefundishwa sarufi yake vizuri ndiye atakayekosea mtihani.

Kwa maoni yetu, neno tishio lafaa kwa jambo la kwanza. Lipo tayari, linaeleweka, na lina sifa moja nzuri: tishio halijadhuru bado. Neno hatari libaki kwa jambo la tatu, kwani ndivyo msemaji wa kawaida alitumiavyo anaposema kwamba mahali fulani pana hatari. Jambo la pili ndilo gumu. Wengine wamependekeza udhaifu, lakini udhaifu una harufu ya lawama, na mkazi wa Kigogo au Jangwani afurikiwaye na Msimbazi si lazima awe dhaifu. Twaona ni heri kusema kwa maneno mengi, wepesi wa kudhurika, kuliko kuunda neno moja lisilomwingia mtu. Na janga? Janga ni tukio lililokwisha kutokea, wala si kitu kilichomo ghalani.

Kuhusu jina la kazi yenyewe, tuna majina manne. Sheria ya mwaka 1990 ilihusu uratibu wa misaada ya maafa, jina lililo wazi, kwani misaada huratibiwa. Baadaye tukawa na idara ya uratibu wa maafa katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Neno misaada lilidondoka njiani, na kwa mujibu wa sarufi yakabaki maafa ndiyo yanayoratibiwa! Likaja jina menejimenti ya maafa. Sheria ya mwaka 2015, na ile ya mwaka 2022 iliyochukua mahali pake, zinasema usimamizi wa maafa. Huku Bara tunasimamia mtihani, harusi na ujenzi, maana yake tunahakikisha jambo linakamilika kama lilivyokusudiwa. Je, twataka maafa yakamilike? Menejimenti haijibu swali hilo. Inalificha tu kwa vazi la kigeni. Zanzibar wameiita kamisheni yao Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, na hapa tunakiri wenzetu wametutangulia, ingawa kukabiliana nako kunaelekea zaidi kwenye siku ya tukio kuliko miaka ya matayarisho. Jina la sheria halibadilishwi na mfasiri, naye hana budi kulinukuu lilivyo. Lakini mwalimu anayeandika kitabu halazimiki kuliiga kila sentensi.

Tuje kwenye jambo ambalo kosa lake linaweza kuua. Maghala ya silaha yanapolipuka, si vyote vilivyomo hulipuka. Vingine hurushwa mbali, vikaanguka uani, juu ya paa, shambani, vikalala hapo. Ndivyo ilivyokuwa Mbagala na Gongo la Mboto, na ndivyo ilivyokuwa Maputo baada ya ghala la Malhazine kulipuka tarehe 22 Machi 2007, na Brazzaville baada ya tarehe 4 Machi 2012. Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 2011 miongozo ya kiufundi juu ya utunzaji wa risasi na makombora, na nchi nyingi zimewapeleka wataalamu wao kujifunza. Vitu hivyo vilivyotawanyika huitwaje kwa Kiswahili?

Tumeona katika maandishi zaidi ya mamoja istilahi mabomu yasiyolipuka. Msomaji na aitazame vema. Kirejeshi kikanushi cha namna hii hakina wakati. Hutaja tabia ya kitu. Mtu asiyekula nyama ni mtu mwenye desturi ya kutokula nyama, si mtu ambaye chakula chake hakijafika mezani. Maji yasiyochemka, moto usiozimika, mtoto asiyelia: kote huko twazungumza habari ya sifa inayodumu. Basi mabomu yasiyolipuka ni mabomu yenye sifa ya kutolipuka, yaani mabomu salama. Mfasiri alikusudia kumwonya mama mwenye nyumba, naye amemwondolea hofu. Kinachotakiwa ni mabomu ambayo hayajalipuka, kwa kuwa kiambishi -ja- ndicho kinachobeba habari yote: jambo halijawa, na laweza kuwa wakati wowote. Ni kweli kwamba ambayo huirefusha sentensi, na wachoraji wa mabango hawapendi maneno marefu. Hapa warefushe tu. Lugha yetu ina silabi moja iliyotengenezwa kwa ajili ya onyo hili hasa, na ni ajabu kuiacha.

Kosa la pili limo katika neno bomu lenyewe. Kwa wakazi wa Dar es Salaam neno hili limekuwa jina la kila kitu kitokacho kambini: kombora, kichwa cha roketi, kiwashio, hata ganda tupu. Ubaya wake ni kwamba pia lina picha moja kichwani, nayo ni ya kitu cha mviringo chenye mkia. Mtoto aliyeambiwa asiguse bomu ataokota kiwashio kidogo king'aacho, kwa sababu hakifanani na bomu. Na mwokota vyuma chakavu ataona shaba tu. Kwa wataalamu tunapendekeza masalia ya silaha, na chini yake majina ya aina mbalimbali, ambayo jeshi letu linayo tayari na lingefanya hisani kutupatia. Kwa bango la shuleni, istilahi yoyote ni mzigo. Bango liseme kwamba kitu chochote cha chuma usichokijua kisiguswe, na liweke picha.

Neno mlipuko nalo limegawanyika. Kuna mlipuko wa kipindupindu na mlipuko wa ghala, na katika kambi ya waliokimbia makazi vyote viwili vyaweza kutajwa katika taarifa moja. Hilo halitutishi sana, kwani neno linalofuata hutenga maana. Lakini taarifa isiishie kwenye mlipuko peke yake.

Ili tusionekane wachungu kwa kila kitu, tutaje kazi iliyofanywa vizuri. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa ngazi: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kila moja na rangi yake, njano, machungwa na nyekundu. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani mwanzoni mwa Mei 2024, maneno hayo yalisikika redioni na vijiweni yakiwa na maana ile ile. Hakuna neno geni hata moja katika ngazi hizo. Kilichofanyika ni kuyachukua maneno ya kawaida, kuyapanga kwa daraja, kuyafunga na rangi, na kutoyabadilisha. Isitoshe, tahadhari ina uzuri wake wa asili: mwenye mamlaka hutoa tahadhari, na raia huchukua tahadhari. Neno moja linawaunganisha wawili hao.

Limebaki jambo la watu wenyewe na haki zao. Waliopatwa na maafa huitwa wahanga, waathirika au waathiriwa. Mhanga, ukimwacha yule mnyama achimbaye mashimo usiku, ni mtu ajitoaye kwa ajili ya wengine; wakazi wa Gongo la Mboto hawakujitoa. Mwathirika, kwa kauli yake ya kutendeka, humtaja aliyepatwa na athari bila kudokeza kwamba yupo aliyeathiri, na hapa kwetu neno hilo limekwisha kuelemea upande wa UKIMWI. Wakenya hutumia mwathiriwa, kwa kauli ya kutendwa, nasi twaona wana haki: kauli hiyo huacha mlango wazi wa kuuliza ni nani au ni nini kilichotenda.

Mlango huo una maana kubwa katika malipo. Malalamiko ya wakazi wa Mbagala juu ya walicholipwa yaliendelea kwa muda mrefu baada ya mwaka 2009, na katika barua na mazungumzo maneno fidia, kifuta machozi, mkono wa pole na msaada yalichanganywa kana kwamba ni kitu kimoja. Fidia ni haki. Katiba yenyewe, katika ibara ya 24, hulitumia neno hilo inapozungumzia mtu kunyang'anywa mali yake. Fidia huhesabiwa kwa thamani ya kilichopotea, na anayeona amepunjwa aweza kudai. Kifuta jasho na kifuta machozi yameingia katika kanuni za wanyamapori za mwaka 2011 kwa makusudi: ni malipo ya kumliwaza aliyeharibiwa shamba au kufiwa, yenye viwango vilivyopangwa, wala si thamani ya hasara. Msaada hutolewa na mwenye huruma, naye huchagua kiasi. Karani anayejaza fomu na kuandika neno moja mahali pa jingine hakukosea fasihi. Amebadilisha dai la mtu. Kwa sababu hiyo tunashauri kila ofisi ya wilaya itumie neno lililomo katika kifungu cha sheria kinachoidhinisha malipo husika, bila kulipamba.

Ushirikiano wa kimataifa unatusogezea kazi hii karibu zaidi. Majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hufanya mazoezi ya pamoja yaitwayo Ushirikiano Imara, na kukabiliana na maafa ni sehemu ya mazoezi hayo. Askari wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyinginezo wakikutana uwanjani, Kiswahili hutumika watakapo wasitake. Wakiwa na maneno matatu kwa kitu kimoja, amri itachelewa. Tunawaomba walimu wa vyuo, maofisa wa kamati za maafa za wilaya, na wafasiri waliowahi kushiriki mafunzo hayo watuletee orodha za maneno waliyoyasikia yakitumika kwa tishio, hatari, wepesi wa kudhurika na masalia ya silaha, wakitaja yalitumika wapi na katika sentensi gani. Hata maneno ya mitaani yaletwe, hasa ya wakazi wa Gongo la Mboto, Ukonga na Mbagala.