Santuri, Gitaa la Umeme na Ngoma Zetu: Vitabu vya Kusoma Likizoni

Wanafunzi wetu hapa Kinindo wametuomba vitabu vya historia visivyochosha. Tunavyo vitatu, vyote vya muziki na mitambo iliyoubeba.

Cha kwanza ni Wasifu wa Siti binti Saad cha Shaaban Robert (1958). Kiswahili chake ni kitamu mno, ila jicho la mwandishi liko kwenye tabia ya mtu kuliko kwenye mashine. Kwa hiyo tunashauri kisomwe sambamba na Pastimes and Politics cha Laura Fair (2001). Mwaka 1928 Siti alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Upande mmoja wa santuri ya zama hizo ulichukua takriban dakika tatu tu, ambapo barazani wimbo hurefushwa kadiri wasikilizaji wapendavyo! Fair hashangazwi mno na santuri. Huwasikiliza wazee wa Ng'ambo, mtaa wa wanyonge wa mjini Unguja, ambao kwao wimbo kama ule wa Kijiti ulikuwa na uzito kwa sababu ya dhuluma uliyoisimulia, si kwa sababu ulitoka Bombay. Hapo, kwa maoni yetu, anampita Shaaban Robert.

Cha tatu, Rumba on the River cha Gary Stewart (2000), ni kinene na kimejaa majina. Msomaji ana ruhusa ya kuruka. Hata hivyo, habari za wafanyabiashara Wagiriki waliofungua studio Léopoldville, mathalani Ngoma mwaka 1948, na za Mbelgiji Bill Alexandre na gitaa lake la umeme, zinasomeka kama riwaya.

Lalamiko letu ni moja. Mwaka 1967 ngoma za Burundi zilirekodiwa kwa ajili ya Ocora, lebo ya redio ya Ufaransa. Mwaka 1975 Joni Mitchell alichukua kipande cha rekodi hiyo, akakizungusha tena na tena chini ya sauti yake na kinanda cha Moog katika "The Jungle Line", kabla mashine za kazi hiyo hazijaenea. Wapigaji wakatajwa kwa jina la jumla tu, "ngoma za kivita za Burundi". Hatujaona kitabu cha Kiswahili kinachosimulia kisa hiki. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aje atuone, na aje mapema, maana waliopiga ngoma mwaka ule sasa ni wazee sana.