Nyumba ya Mpokeaji

Anayetafuta barua za kale za watu wakubwa asianzie kwenye majumba yao. Aanze kwa walioandikiwa. Jumba la mwandishi huungua, hutekwa, huuzwa, warithi hugombana mpaka kila karatasi ikapotea. Barua yenyewe ilikwishaondoka siku nyingi, iko mbali, imekunjwa sandukuni mwa mtu mwingine. Kazi ya kukusanya barua za mkono naipenda kwa sababu hiyo zaidi ya zote: inakufundisha kumheshimu mpokeaji.

Barua za Kiswahili za kale kabisa tunazozijua ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Ukienda Kilwa leo huzikuti. Zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, yalikokuwa makao makuu ya Wareno upande huu wa dunia.

Waayalandi nao wanalijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ghala la nyaraka za taifa katika majengo ya Four Courts jijini Dublin liliteketea, na kumbukumbu za karne nyingi zikawa majivu. Miaka hiyohiyo majumba ya makabaila huko mashambani, zaidi ya 200, yalichomwa moto. Tangu hapo barua iliyobaki kwa shangazi au kwa wakili wa familia imekuwa ushahidi, na wanahistoria wanaiunga nchi yao upya kwa nakala zilizokuwa zimepelekwa kwingine.

Huku kwetu, ukoo wa Busaidi, masultani wa Zanzibar, ulikuwa na majumba yake ya shamba, na katika jumba la Mtoni ndimo alimozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844. Mabinti hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipokula njama ya kumwondoa madarakani Sayyid Majid, kaka yao mwingine, kalamu iliyoandika barua za wala njama ilikuwa ya Salme, msichana wa miaka 15. Kila nikishika karatasi ya zamani namkumbuka. Huwezi kusema barua ni ya nani mpaka umejua mkono ni wa nani. Leo Mtoni ni magofu, na jumba lao la mjini, Beit al-Hukm, lilivunjwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Karatasi za Salme, aliyefia Ujerumani mwaka 1924 kwa jina la Emily Ruete, zimesalimika Leiden, Uholanzi, pamoja na vitabu vya mwanawe Rudolph.

Basi itazame Bujumbura. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, na kutoka Ujiji mashua zilipanda Ziwa Tanganyika hadi huku kaskazini. Waswahili waliotia nanga hapa, ambao wajukuu wao wengi wako Buyenzi, waliacha ndugu Ujiji, Tabora na Uvira. Ndugu waliotengana huandikiana. Mji huu ni mji wa wapokeaji. Baadhi ya familia zilihamia baadaye mitaa ya kusini, hapa Kinanira nilipo, na masanduku yao ya bati yakaja nao. Mengine hayakuja. Mwaka 1972 na mwaka 1993, mauaji yalipoikumba Burundi, watu walitoka na watoto wao tu.

Sanduku likifunguliwa, usiguse kwanza. Piga picha ya fungu jinsi lilivyolala, maana barua iliyo juu na iliyo chini zina habari ya mpangilio ambayo hairudi tena ukishazichanganya. Mikono safi na mikavu yatosha. Pasi usiipitishe, selotepu usiibandike kamwe, na namba iandikwe kwa penseli pembeni. Wino wa masizi haudhuru karatasi. Ule wa chuma huila taratibu mpaka maneno yanadondoka, yakiacha matundu yenye umbo la herufi.

Mbele yangu ipo barua moja kutoka Ujiji, iliyotoka sandukuni mwa bibi mmoja. Mwezi ni Shaabani, mwaka umeliwa na mende. Salamu zinachukua mistari sita, kwa mwandiko wa mtu wa kazi hiyo, kalamu imekatwa vizuri, nukta zimekaa mahali pake. Kisha mistari miwili juu ya chumvi ya Uvinza iliyolowana melini. Nafasi ikaisha, karatasi ikageuzwa, na pembezoni, kwa mkono mwingine mzito usiozoea kalamu, pameongezwa kwamba mama hawezi, usikawie. Niliisoma kwa sauti, kwa kuwa waandishi wa zamani waliandika p kwa herufi ya b, na jicho peke yake hudanganyika. Sikio ndilo linalosahihisha.

Mfanyabiashara wa nyaraka za kale angeitupa hii. Yeye hutaka muhuri wa sultani au stempu, tena stempu huikata akaacha barua na kidonda. Nasema bila kusita kwamba anayechomoa barua nzuri moja na kuacha fungu ameua zote. Ya chumvi inaeleweka kwa sababu ya ile iliyoitangulia, inayotaja bei, na ile iliyoifuata, inayotaja sanda.

Mimi huchukua picha, asili nikaiacha kwa bibi mwenye sanduku, ndani ya bahasha ya karatasi safi, mbali na ukuta wenye unyevu. Naye alijibu wakati ule, au mumewe alijibu. Barua ya tatu inashukuru kwa majibu hayo. Kwa hiyo majibu yako Ujiji, kwa wajukuu wa mwandishi, kama mchwa hawajatangulia. Nimeshamwomba mtu wa Kigoma awaulizie.