Kipa wa miaka 34 na hesabu za Coastal Union

Dirisha kubwa la mwaka 2023 liliikuta Coastal Union ya Tanga ikimsajili Ley Matampi, kipa wa Kikongo aliyekuwa na miaka 34. Katika ligi ambayo mchezaji akigusa 30 tu magazeti huanza kumwita mkongwe, huo ulikuwa usajili wa kuguniwa. Sifa zake kubwa zilikuwa za zamani. Alikuwamo kwenye kikosi cha DR Congo kilichoichapa Mali 3-0 na kutwaa CHAN ya 2016 mjini Kigali, na mwaka uliofuata akaidakia nchi yake katika AFCON ya Gabon. Coastal, yaani Wagosi wa Kaya, walikuwa wanamlipa mtu kwa mambo aliyoyafanya miaka saba nyuma, au ndivyo ilivyoonekana.

Majibu yalikuja ndani ya mechi 30. Matampi alimaliza msimu wa 2023/24 akiwa na mechi 15 bila kuruhusu bao, moja zaidi ya Djigui Diarra wa Yanga, na Diarra alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa mabingwa. Coastal ilishika nafasi ya nne nyuma ya Yanga, Azam na Simba, nafasi iliyoipa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hii ni klabu iliyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, ikashuka daraja msimu wa 2015/16 pamoja na African Sports na Mgambo, Tanga nzima ikabaki haina timu Ligi Kuu, na mwaka 2021 ikanusurika kwa mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza.

Ilifanikiwaje? Jibu la haraka ni kwamba Matampi ni kipa mzuri. Jibu hilo ni la kweli lakini halimsaidii kiongozi wa klabu ambaye mwakani ataletewa jina lingine kubwa lenye umri mkubwa na kutakiwa kuamua. Cha kutazama ni kazi aliyoletewa, pamoja na watu waliosimama jirani yake.

Kipa anazeeka kwa namna yake. Winga akipoteza nusu hatua ya kasi, beki wa pembeni anamwahi na kazi imekwisha. Kipa akiipoteza nusu hatua hiyo, anaweza kuifidia kwa kuanza safari mapema: anaijua krosi itakakotua kabla mpigaji hajaupiga mpira, anamsogeza beki wake mita mbili kushoto, na shuti lililokuwa liwe la hatari linapigwa kutoka kwenye pembe mbaya. Mashuti mengi anayoyadaka mkongwe huonekana mepesi kwa mtu wa jukwaani. Ndiyo maana Dino Zoff alinyanyua Kombe la Dunia la 1982 akiwa na miaka 40, na Essam El-Hadary wa Misri akaokoa penalti ya Saudi Arabia katika Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45.

Watanzania hawahitaji kwenda Misri kutafuta ushahidi. Mwaka 2019 Juma Kaseja, akiwa na miaka 34 na akidakia KMC, aliitwa tena Taifa Stars baada ya wengi kudhani ukurasa wake umefungwa. Mwezi Agosti Stars iliitoa Kenya kwa penalti 4-1 jijini Nairobi katika kufuzu CHAN. Mwezi Septemba ikaitoa Burundi jijini Dar es Salaam katika kufuzu Kombe la Dunia, safari hiyo kwa penalti 3-0, na Burundi haikufunga hata moja. Penalti ni sehemu ya mchezo ambayo miguu haina kazi kubwa. Kubwa ni kumsoma mpigaji na kumfanya asubiri.

Sasa hesabu yenyewe. Timu isiyoruhusu bao haiwezi kufungwa. Mechi 15 za Matampi zilikuwa na uhakika wa angalau alama 15 kabla mshambuliaji wa Coastal hajagusa mpira, na kila moja ambayo timu ilipata bao, hata la kubahatisha dakika ya 80, sare iligeuka ushindi. Kwa Yanga yenye kufunga mabao manne kwa mchana mmoja, kipa wa namna hii ni nyongeza. Kwa timu ya mkoani ambayo bao moja huitafuta kwa tochi, yeye ndiye mfumo. Pesa ya kununua mshambuliaji wa mabao 15 kwa msimu Coastal haikuwa nayo, na angepatikana Dar es Salaam ingemchukua. Kipa wa mechi 15 safi alipatikana kwa sababu soko lilishamwona mzee. Bei ya umri ilikuwa imeshakatwa.

Kumbuka pia kwamba benchi la ufundi lilibadilika katikati ya safari. Msimu ulianza na Mwinyi Zahera, Mkongo mwenzake Matampi, kisha ukaishia mikononi mwa Mkenya David Ouma. Kocha akiondoka, timu changa huyumba kwa wiki kadhaa kwa sababu kila mmoja anajifunza upya pa kusimama. Kuwa na mtu nyuma anayeuona uwanja mzima, na ambaye sauti yake haibadiliki kwa kuwa kocha kabadilika, hupunguza huko kuyumba. Katika jedwali la ligi jambo hilo halina safu yake.

Faida iliyozungumzwa kidogo ni ya biashara. Coastal huishi kwa kulea na kuuza. Mwaka 2020 Bakari Mwamnyeto alikwenda Yanga, Ibrahim Ame akaenda Simba. Mwaka 2022 Abdul Suleiman, Sopu, aliifunga Yanga mabao matatu katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam iliyochezwa Arusha, ikaisha 3-3 na Yanga kushinda kwa penalti. Haukupita muda Azam ikamchukua. Msimu wa Matampi aliyepanda bei ni Lameck Lawi, beki wa kati kijana, ambaye Simba ilimtangaza mwezi Juni 2024 na kisha dili likageuka mgogoro kati ya klabu hizo mbili. Beki mdogo anayecheza mbele ya kipa aliyedaka AFCON anasahihishwa kila dakika, bure, kwa sauti. Makosa yake mawili kati ya matatu yanazimwa kabla hayajawa bao, na skauti aliye jukwaani anaandika kwamba kijana ametulia. Kwa maneno mengine, mshahara wa mkongwe sehemu yake inarudi kupitia bei ya vijana. Anayeukokotoa usajili wa mzee kwa kutazama mabao na mechi zake peke yake anaacha nusu ya daftari.

Mpira wa kikapu unaonyesha mantiki hiyohiyo, tena pamoja na mpaka wake. Novemba 2020 Phoenix Suns ilimchukua Chris Paul, pointi gadi mwenye miaka 35, kutoka Oklahoma City. Msimu uliotangulia Suns ilikuwa imeshinda mechi 34 na kupoteza 39. Pamoja naye ilishinda 51, ikapoteza 21, ikafika fainali ya NBA na kufungwa na Milwaukee Bucks kwa mechi 4-2. Paul hakuletwa kuruka wala kukimbia. Devin Booker, aliyekuwa na miaka 24, alikuwepo kwa kazi ya kufunga, na Deandre Ayton mwenye 22 alikuwepo kwa kazi ya kuruka. Mzee alipunguza kasi ya mchezo na kuwapa mpira mahali wanapoupenda. Ni Matampi na Lawi kwa lugha ya kikapu.

Lakini gadi ana tatizo ambalo kipa hana. Katika kikapu mpinzani huchagua nani wa kumshambulia. Anamleta mchezaji wake mmoja kuweka kizuizi, walinzi wanabadilishana watu, na ghafla mzee wa miaka 38 yuko peke yake mbele ya kijana wa 22. Hilo hurudiwa mara kumi kwa usiku mmoja hadi kocha amtoe. Paul alirudi Los Angeles Clippers Julai 2025 akiwa na miaka 40, na mwezi Desemba mwaka huohuo klabu ikamrudisha nyumbani. Kipa amewekewa eneo lake na sheria ya kutumia mikono. Hakuna anayeweza kumvuta hadi kwenye kibendera cha kona akakimbizane na winga. Kwa hiyo klabu inayopewa jina la gadi mkongwe inapaswa kuuliza kwanza nani atamficha kwenye ulinzi. Ikikosa jibu, sifa za ushambuliaji hazitoshi.

Upo usajili wa aina nyingine ambao usichanganywe na huu. Mwaka 2018, Coastal iliporejea Ligi Kuu, ilimsajili Ali Kiba, msanii wa Bongo Fleva, akiwa na miaka 31. Ulikuwa usajili wa bango: jina la klabu likasikika kila redio, na uwanjani msanii alionekana kwa nadra. Kigali nako, mwaka 2021, Patriots walimsajili rapa J. Cole, gadi wa miaka 36, kwa msimu wa kwanza wa Ligi ya Kikapu ya Afrika. Alicheza mechi tatu, akapata pointi tano, akaondoka. Hakuna ubaya kununua kelele, maadamu mhasibu ameiandika kwenye safu ya matangazo na kocha hajaahidiwa mchezaji.

Gharama ya Matampi ipo, na iko mahali ambapo mashabiki hawaitazami. Fikiria kijana anayedakia timu ya mtaani Maramba, chini ya Usambara Mashariki. Kabla ya kufika Mkwakwani, uwanja wa Coastal, anapaswa kupenya ligi ya wilaya ya Mkinga, ligi ya mkoa, na pengine Championship. Akifika anakuta nafasi ya kipa ni moja. Winga mdogo huingizwa dakika 20 za mwisho akaonekana; kipa wa akiba anaweza kukaa benchi msimu mzima bila kulowesha jezi. Mkongwe kwenye ulinzi wa kati hulea jirani yake wakiwa wote uwanjani. Mkongwe golini huwalea mabeki na kumziba kipa mwenzake. Klabu ya kuuza wachezaji inayojua hilo ingemtengea kijana mechi za kombe tangu mwanzo, tena kwa maandishi, ili mkongwe asilione ni tusi siku jina lake lisipoonekana kwenye orodha.

Kisha unakuja msimu wa pili, ambao kwa wachezaji wa umri huu ndio mtihani halisi. Agosti 2024 Coastal ilikwenda Angola kucheza na Bravos do Maquis katika Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa 3-0. Mechi ya marudiano ikaisha bila bao. Muda mfupi baadaye Ouma akaondoka. Sare hiyo ya marudiano inaeleza mengi kuliko kipigo: timu iliyojengwa kwa kutoruhusu bao iliingia katika mechi iliyohitaji angalau mabao matatu, na haikuwa na zana ya kuyatafuta. Kutoruhusu bao, kazi iliyoipandisha hadi nafasi ya nne, siku ile haikuwa na thamani yoyote. Vijiweni watu walibishana kuhusu umri wa kipa, wakati pengo lililoonekana lilikuwa upande wa pili wa uwanja, kwa washambuliaji ambao dirisha la mwaka ule lilipaswa kuanza nao.