Zungukeni Mbuyu

Tuanze na ugomvi kabisa. Nimechoka na picha ya mti mkongwe uliosimama mweusi tii mbele ya anga jekundu. Unaijua. Iko kwenye kalenda za ukutani, kwenye kadi za posta, kwenye mabango ya hoteli. Na sasa, jamani, imehamia kwenye hadithi zetu sisi waandishi chipukizi. Fungua daftari la mwenzako usome: ukurasa wa kwanza haujaisha, jua linazama nyuma ya mbuyu, matawi yamenyooka kama vidole vya mzimu, na mhusika mkuu ametulia tuli anawaza maisha. Nami nimeandika hivyo, sijitoi.

Picha yenyewe si kazi ngumu. Mpiga picha anangoja jua lishuke nyuma ya mti, anapima mwanga wa angani badala ya mwanga wa gogo, anabonyeza. Anga linatoka na rangi zake zote, mti unabaki giza. Hakuna gome, hakuna ufa. Ni umbo tu, kama lililokatwa kwa mkasi kwenye karatasi nyeusi. Uzuri upo, sikatai. Mbuyu usio na majani una matawi yanayoonekana kama mizizi iliyogeuzwa juu, na kivuli huyatoa yote bila kupoteza hata moja. Mchoraji mzuri angehangaika siku nzima kuyapata.

Lakini hebu jiulize: anayepiga picha hiyo anasema anataka kutuonyesha nini? Uzee. Karne na karne. Basi uzee wa mbuyu uko wapi kama si kwenye gome? Pale ndipo watu walipobandua maganda wakasokota kamba, na mti ukaotesha ganda jingine likabaki na makunyanzi. Pale ndipo mrina asali alipogongomea vigingi vya kupandia. Pale wapenzi wamechonga herufi zao, na herufi zimetanuka pamoja na mti mpaka hazisomeki vizuri. Mbuyu ni mti mgumu kuuhesabia miaka, maana wengi una uwazi ndani. Wataalamu hupima kaboni ya vipande vya mbao. Sisi wengine tunasoma ngozi. Ukiitia giza ngozi, umefuta kile kile ulichodai kukionyesha.

Nilifundishwa hayo na mama mmoja muuza ubuyu, Bagamoyo, miaka ile ya filamu. Nilikuwa nimeazima kamera, nina picha chache zimebaki kwenye mkanda, nikazimaliza zote jioni moja kwa mbuyu aliokuwa akiuzia chini yake. Nilipozisafisha nikamrudia kifua mbele. Akaiangalia, akaigeuza, akaiangalia tena.

"Huu ndio mti wetu, mwanangu?"

"Ndio huu, mama."

"Mbona umeuunguza?"

Nikaanza kumweleza mambo ya sanaa. Akaniacha nimalize, kisha akauliza meza yake iko wapi. Haikuwepo. Ilikuwa ndani ya lile giza, pamoja na yeye mwenyewe.

Nimelikumbuka swali hilo mara nyingi, hasa mwaka 2014 watu walipokusanya pamoja majalada ya riwaya zinazohusu Afrika na kuyapanga kama maonyesho. Jalada baada ya jalada: mti wa mgunga, mweusi, anga la rangi ya chungwa. Ndani kulikuwa na hadithi za Nigeria, za Zimbabwe, za Msumbiji, za mijini na mashambani, za mapenzi na za vita. Nje, mti mmoja. Tukawacheka wachapishaji wa Ulaya na Marekani, na walistahili. Lakini wao angalau wana kisingizio cha umbali. Sisi tunaopita chini ya mbuyu kila siku kwenda kupanda daladala, kisingizio chetu nini? Halafu kuna wenzetu wa pwani ya bara wanaolizamisha jua baharini, nyuma ya mti. Ndugu yangu, Bahari ya Hindi kwetu iko mashariki. Jua linatoka huko. Hilo la kuzama baharini umelitoa kwenye kadi.

Asije mtu akaniambia mti wa kale hauwezi kupigwa picha vingine. Beth Moon, Mmarekani, alitoa mwaka 2014 kitabu cha picha za miti mikongwe ya nchi mbalimbali, kisha mwaka 2021 kingine cha mibuyu mitupu. Anachapa picha zake kwa madini ya platini, njia ya kizamani ya taratibu inayotoa ngazi nyingi kati ya nyeusi na nyeupe. Unaona mikunjo ya gome kama ya kiwiko cha bibi. Mara nyingine naona anautukuza mti kupita kiasi, hakuna mtu wala mbuzi, kama kwamba chini yake hapajawahi kuuzwa kitu. Ila ameuangalia.

Na kuangalia kuna haraka siku hizi. Mbuyu wa Chapman kule Botswana, uliokuwa alama ya njia kwa wasafiri wa karne ya 19, uliporomoka Januari 2016. Mwaka 2018 watafiti wakatangaza kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote waliyoipima Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake za kale zimeanguka, yote ndani ya miaka kumi na michache. Mwaka 2022 Kilifi, Kenya, mibuyu iling'olewa ili ipelekwe kwenye bustani nchini Georgia, mpaka Rais Ruto akaagiza jambo hilo lichunguzwe. Picha za mkasa ule zilipigwa mchana kweupe. Hazikuwa na machweo wala ushairi, na ndizo zilizowapandisha watu hasira.

Wazee wa Dar walikuwa na msemo, kuzunguka mbuyu, wakimaanisha kwenda kando kupeana kitu kidogo. Mimi nawaomba wenzangu mzunguke kweli, kwa miguu. Jua likiwa nyuma ya mti, upande wa pili umewaka. Ni hatua thelathini hivi, na kuruka mizizi.

Nilizunguka, safari ya pili. Picha ikatoka ya kawaida tu: misumari ya mabango ya uchaguzi uliopita, jina la mtu bila herufi ya mwisho, sinia la ubuyu mwekundu, na mama amekunja uso kwa sababu ya jua. Aliomba nakala mbili. Ile ya kwanza alinirudishia.