Tairi Kugusa Chini si Tairi Kushika

Picha hizi mmeshaziona. Gari kubwa la kuvuta kwa magurudumu manne, tairi moja la mbele limepandishwa kwenye rampu mpaka limezama ndani ya madigadi, la nyuma upande huohuo limeshuka kama linataka kuchomoka. Chini ya picha kuna namba, mara nyingi mamia kadhaa, na wapenzi wa magari wanashangilia. Namba hiyo inaitwa RTI. Hoja yangu ni kwamba namba hii inapima kitu halisi, ila sio kile ambacho mnunuzi wa springi na shokapu ndefu anadhani amenunua.

Kwanza inavyopatikana. Unapandisha tairi moja la mbele kwenye rampu, kwa kawaida ya nyuzi 20, mpaka tairi lingine linapokaribia kuachia ardhi. Unapima umbali uliopanda kwenye rampu, unagawanya kwa urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kisha unazidisha kwa 1,000. Basi.

Hebu tuchukue Land Rover Defender mbili, ile ya 110 (milimita 2,794 kati ya ekseli) na ile ya 90 (milimita 2,360). Tuseme zote zimepanda milimita 1,400. Ya 110 inapata 501, ya 90 inapata 593. Lakini matairi yote mawili yamenyanyuka kimo kilekile, kama sentimita 48, na upana kati ya tairi la kushoto na la kulia ni uleule kwa magari yote mawili. Yaani ekseli zimejipinda sawasawa, halafu moja inatoka na alama karibu 100 zaidi kwa sababu tu ni fupi! Ukitaka kulinganisha marekebisho kabla na baada kwenye gari lako mwenyewe, sawa, namba inafaa. Ukitaka kulinganisha gari lako na la jirani, hapana.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kipimo kinasubiri tairi liachie ardhi, na hakiulizi lilikuwa limekandamizwa kwa nguvu kiasi gani kabla halijaachia. Mshiko wa tairi unategemea msuguano, na msuguano unategemea mzigo ulio juu ya tairi. Tairi lililobeba niutoni 5,000 kwenye udongo wenye kigezo cha msuguano 0.6 linaweza kusukuma kwa niutoni 3,000. Tairi linaloning'inia, limebeba niutoni 400 tu, linaambulia 240. Sasa kumbuka difu ya kawaida inagawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa pande zote mbili: upande mzito nao unapewa 240, hata kama una uwezo wa mara kumi zaidi. Ekseli nzima inasukuma kwa 480. Ekseli ya pili ikiwa kwenye hali hiyohiyo, jumla ni 960. Gari la tani 2.5 kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10 linahitaji takriban 2,500. Matairi manne yote yanagusa chini, picha inapendeza, na gari haliendi popote.

Ndiyo maana springi zinazoachia kikalio chake ili ekseli ishuke zaidi huwa zinanitia shaka. Springi ikishaachia, haisukumi tena. Tairi linashuka kwa uzito wake na wa ekseli tu. Umeongeza alama, mshiko umeongezeka kidogo sana. Anayetaka kutoka kwenye mitaro, fedha ileile iende kwenye kifungio cha difu.

Sisemi kunyumbuka hakuna faida. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zinazobeba watalii huku kwetu zina springi za nyuma za vyuma bapa vilivyopangwa, zilizotengenezwa kwa ajili ya mzigo. Zikiwa tupu ni ngumu kama benchi, na gari linafanya kama meza ya miguu minne kwenye sakafu mbovu: mguu mmoja uko hewani daima. Kulainisha hapo kunasaidia kweli, na abiria atakushukuru. Ila ukilainisha nyuma peke yake na mbele ukaacha palivyo, bodi itafuata upande mgumu, na nyuma itafanya kazi yote.

Halafu kuna stabilaiza. Kuing'oa ni njia rahisi kuliko zote ya kupandisha RTI, na mafundi wengi watakufanyia kwa nusu saa. Jeep Wrangler Rubicon ya 2007 ilikuja na swichi ya kuiachia ya mbele na kuirudisha, na Toyota waliweka mfumo wa haidroliki wa KDSS kwenye Land Cruiser 200. Watengenezaji hao wametumia fedha nyingi ili stabilaiza *irudi*. Gari linalotoka mbugani jioni linaingia lami, linakimbia kilomita 80 kwa saa likiwa na mizigo juu ya paa. Bila stabilaiza, bodi inalala sana kwenye kila kona na kila anapokwepa bodaboda. Ukiwa pia umeinua gari, kitovu cha uzito kikipanda kutoka sentimita 80 hadi 88, uwezo wake wa kukataa kupinduka umepungua kwa karibu asilimia 9. Rampu haikukuambia hilo, kwa sababu kwenye rampu gari limesimama.

Linganisha na Rhino Charge ya Kenya, inayofanyika tangu 1989. Pale magari yanatakiwa kufika vituo 13 ndani ya saa 10, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Hakuna anayeuliza ekseli ilijipinda kiasi gani. Korongo lenyewe linajibu.

Kwa wenye gereji, kuna kipimo cha bei nafuu kuliko rampu. Inua tairi moja la mbele kwa matofali au jeki ya nguvu, sentimita 30 tu, ukiwa umezuia matairi mengine yasiteleze. Weka mzani wa gunia chini ya tairi la nyuma upande huohuo, na usawazishe matairi mengine kwa mbao za kimo cha mzani. Soma kilo. Kisha badilisha springi, rudia kwa sentimita zilezile 30, soma tena. Kilo zikipanda, fundi amekufanyia kazi.